Pasta Ilifikaje Lafey? Historia ya Orodha ya Vyakula vya Kuepuka

Tangu niache chuo naishi kwa kuandika makala za mtandaoni, na makala ambayo wateja wangu hawachoki kuagiza ni ile ya vyakula vya kuepuka ukitaka kupunguza uzito. Nimeiandika mara nyingi mpaka orodha naijua kichwani: sukari, soda, mkate mweupe, wali mweupe, pasta, vitu vya kukaangwa, mafuta mengi. Mteja yuko nchi ya mbali, hajui Lafey iko wapi, na hana haja ya kujua. Analipa kwa idadi ya maneno.

Lakini orodha hiyo ukiisoma ukiwa hapa, inakuwa kitu kingine. Karibu kila chakula kilichomo ni kigeni hapa. Kila kimoja kina njia iliyokileta, na nyuma ya kila njia kuna mtu aliyekuwa na nguvu kuliko sisi: mfanyabiashara, mkoloni, mwanajeshi, mfadhili, mlanguzi. Ukivipanga vyakula hivyo kwa zamu ya kufika kwao, unapata historia ya mpaka huu, na nyingine haimo kwenye vitabu vya shule.

Lafey ni mji mdogo wa kaunti ya Mandera, karibu kabisa na Somalia. Hatuna mto. Maji ni ya visima na ya mabwawa yanayojaa mvua ikinyesha. Eneo bunge la Lafey lilitokana na mabadiliko ya Katiba ya 2010, na lilichagua mbunge wake wa kwanza 2013. Kabla ya hapo tulikuwa kona tu ya mahali pengine. Maisha ya wengi yamekuwa ngamia, mbuzi na ng'ombe, na chakula kilifuata mifugo.

Chakula hicho kilikuwa cha msimu. Wakati wa gu, mvua za kuanzia Aprili, ngamia anatoa maziwa mengi, watu wanakunywa mabichi, na mengine yanaachwa yachache yawe susa. Kulikuwa na samli. Kulikuwa na nyama mnyama akichinjwa, na nyirinyiri, yaani nyama iliyokatwa vipande vidogo, ikakaushwa, ikakaangwa na kuhifadhiwa ndani ya mafuta ili ikae muda mrefu safarini. Mtama na mahindi vilipatikana kwa kubadilishana na wakulima wa kando ya mto Juba na mto Daua. Wengine walikula bun, kahawa iliyokaangwa na maganda yake kwenye samli.

Halafu inakuja jilaal, ule ukame mkali wa kuanzia Januari. Maziwa yanakauka, mifugo inakonda, na watu wanakonda nayo. Kisomali kina neno caato, aliyekonda, na neno ni hilo hilo moja kwa mbuzi na kwa mtu. Mafuta mwilini yalikuwa akiba, kama nundu ya ngamia: unayaweka wakati wa gu, unayatumia wakati wa jilaal. Sisemi yalikuwa maisha ya peponi. Jilaal iliua watoto na wazee. Nasema tu kwamba mtu hakuhitaji kuambiwa apunguze uzito. Msimu ulimpunguza, atake asitake.

Cha kwanza kufika kwenye orodha yetu kilikuwa sukari, na ilikuja imeshikana mikono na majani ya chai. Wafanyabiashara, wengi wao Wasomali kutoka pwani ya kaskazini na Waarabu, walisafiri na misafara ya ngamia wakiuza nguo, chai na sukari, wakirudi na mifugo na ngozi. Mwaka 1902 serikali ya Waingereza ilitunga sheria ya kufunga wilaya za pembezoni, na sehemu hii yote, iliyokuja kuitwa Northern Frontier District au NFD, ikawa mahali ambapo mgeni haingii bila kibali. Maduka yakajikusanya karibu na vituo vya serikali. Mfugaji aliyekuja kulipa kodi au kutafuta maji alirudi nyumbani na fundo la sukari.

Kwa nini sukari ilipendwa haraka hivyo? Watu husema ni utamu. Utamu upo, lakini kuna hesabu pia. Maziwa kidogo ya jilaal, ukiyatia kwenye sufuria ya maji na majani na sukari, yanatosha watu wengi. Tumbo linapata joto, mwili unapata nguvu ya haraka, na njaa inasukumwa mbele saa kadhaa. Kisha kuna hesabu ya soko. Ukiuza mbuzi mmoja, pesa hiyo inanunua unga na sukari yenye kalori nyingi kuliko zile ambazo ungezipata kwa kumla huyo mbuzi. Mfugaji anayeuza maziwa na kununua sukari hajapotoshwa na mtu. Anafanya kile ambacho mwenye duka yeyote angefanya.

Na hatukuwa wa kwanza. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia wa Marekani, Sidney Mintz, alitoa kitabu kiitwacho Sweetness and Power, kinachoeleza jinsi sukari iliyolimwa na watumwa visiwani Karibea ilivyogeuka kutoka anasa ya wafalme wa Uingereza hadi chakula cha wafanyakazi wa viwandani. Mama anayefanya kazi kiwandani hana muda wa kupika. Chai ya moto yenye sukari na kipande cha mkate vinafanya chakula baridi kionekane chakula kamili. Badilisha kiwanda uweke ukame, na hiyo ni Lafey.

Huko huko Uingereza ndiko orodha ya vyakula vya kuepuka ilikopata umaarufu kwa mara ya kwanza. Mwaka 1863 mtu wa London aitwaye William Banting, aliyekuwa na kampuni ya mazishi ya watu wakubwa, alichapisha kijitabu kuhusu unene wake. Alikuwa amenenepa mpaka kuinama kufunga kamba za viatu ni shida. Daktari wake, William Harvey, alimwambia aache mkate, siagi, maziwa, sukari, bia na viazi. Alikonda, na kijitabu chake kikauzwa sana. Mpaka leo Waswidi wanatumia neno banta, lililotokana na jina lake, kumaanisha kujinyima chakula ili upungue.

Hebu fikiria wakati wenyewe. Sukari ilikuwa imeshuka bei, na tajiri wa London ndiye aliyekuwa na nafasi ya kuikataa, kwa sababu mezani kwake kulikuwa na nyama, samaki na mvinyo vya kujaza pengo. Orodha ya kuepuka ilizaliwa kwenye meza iliyojaa. Na ndani ya orodha yake kuna maziwa. Orodha hiyo ukimsomea mchunga ngamia, atakuuliza kama huyo daktari alitaka kumponya mtu au kumwua.

Pasta ilikuja baadaye, na ilikuja kwa mpaka. Watu wengi hapa hawajui kwamba Jubaland, upande wa pili wa mpaka wetu, ilikuwa chini ya Waingereza pamoja na Kenya mpaka 1925. Mwaka 1915, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiendelea, Waingereza na Wafaransa waliiahidi Italia ardhi kama ingejiunga nao. Italia ilijiunga, vita vikaisha, na 1925 Waingereza wakalipa sehemu ya deni kwa kutoa Jubaland. Malisho, visima na jamaa vikagawanywa. Waliobaki huku wakawa wa Nairobi, wa kule wakawa wa Roma.

Waitaliano walikuja na chakula chao. Kando ya mto Shebelle, mahali panapoitwa Jowhar leo, mtu mmoja wa ukoo wa kifalme, Duke wa Abruzzi, alianzisha mashamba makubwa kuanzia 1920, na miwa ilikuwa moja ya mazao yake. Ndizi za Somalia zilisafirishwa hadi Italia, na 1935 serikali ya huko ikaunda shirika lake lenye haki pekee ya biashara hiyo. Walioshika jembe walikuwa Wasomali na Wabantu wa mabondeni, wengi wakilazimishwa. Na mijini, kwenye jikoni za mabwana na kambi za askari, watu walijifunza kupika pasta.

Lugha yenyewe inatoa ushahidi. Pasta kwa Kisomali ni baasto. Mchuzi wake ni suugo. Jibini ni farmaajo, neno ambalo dunia nzima ililisikia Somalia ilipopata rais mwenye jina hilo la utani 2017. Yote matatu ni Kiitaliano kilichovaa kanzu. Waitaliano walirudi tena 1950 kuisimamia Somalia kwa niaba ya Umoja wa Mataifa, wakaondoka 1960, lakini baasto ilibaki na kuvuka mpaka bila paspoti. Leo harusi ya Lafey bila sinia ya pasta au wali na nyama, ndizi pembeni, watu wataisema mwaka mzima.

Mpaka hapa bado pasta na sukari ni vitu vya duka, unavinunua ukiwa na mbuzi wa kuuza. Kilichogeuza mambo ni miaka ambayo mbuzi na ngamia wenyewe walipotea.

Desemba 1963, wiki chache baada ya uhuru, serikali ya Kenya ilitangaza hali ya hatari kaskazini mashariki. Vita vilivyoitwa vya shifta viliendelea mpaka 1967. Kuanzia 1966 wafugaji walilazimishwa kukaa kwenye vijiji vya serikali, manyatta, chini ya ulinzi wa askari, na aliyekutwa nje alihesabiwa adui. Sasa ngamia hawezi kulishwa mahali pamoja. Akimaliza majani ya hapo lazima asogee. Wanyama waliofungwa karibu na vijiji walikufa kwa njaa na magonjwa, wengine walichukuliwa, wengine walipigwa risasi. Vita viliisha baada ya Kenya na Somalia kukubaliana Arusha mwaka 1967, lakini sheria za hali ya hatari zilibaki mpaka 1991. Kizazi kizima kilitoka manyatta bila mifugo, na mtu asiye na mifugo anakula kile anachopewa au anachoweza kununua kwa pesa kidogo.

Halafu ukame: 1974, 1984, 1991, 2011, na ule wa kuanzia 2020 ambapo misimu mitano ya mvua ilifeli mfululizo. Kila ukame unachukua mifugo na kuacha foleni ya chakula. Kwenye foleni hiyo kulikuwa na mahindi, dengu za manjano, unga wa mahindi na soya, na mafuta ya kupikia kwenye makopo yenye bendera ya Marekani na maandishi ya kukataza yasiuzwe. Marekani ilikuwa na sheria ya tangu 1954 iliyoruhusu ziada ya wakulima wake ipelekwe nchi za nje kama msaada. Kwa hiyo sahani ya Mandera ilitegemea pia mavuno ya Kansas. Mafuta ya kopo yakachukua nafasi ya samli, kwa sababu samli inahitaji maziwa na maziwa yanahitaji ngamia.

Msaada huo uliokoa maisha na sitaudharau. Mwaka 2011, njaa ilipotangazwa kusini mwa Somalia, kambi za Dadaab zilikuwa na watu zaidi ya 400,000, na bila magunia yale wengi wangekufa. Lakini chakula cha msaada kimepangwa kwa ajili ya kuzuia kifo. Hakijapangwa kulisha mtu miaka 30. Baadaye serikali na wafadhili wakaanza kutoa pesa taslimu kwa familia maskini za Mandera, Wajir, Marsabit na Turkana. Pesa ni heshima, unachagua mwenyewe. Lakini ukienda dukani na hiyo pesa kidogo, unga mweupe, wali, pasta na sukari ndivyo vinavyojaza matumbo ya watoto saba. Nyanya na mboga zinatoka mbali, na barabara ya kwetu ikifungwa kwa sababu ya mashambulizi, mboga ndizo za kwanza kupotea.

Sukari nayo ilipata mlango wa pili. Kenya ina viwanda vyake vya sukari magharibi, tangu Miwani 1922 mpaka Mumias iliyoanza kusaga miwa 1973. Ili kuvilinda, serikali imetoza ushuru mkubwa sukari ya kutoka nje ya masoko ya kanda, na bei ikawa juu. Upande wa pili wa mpaka, Somalia haikuwa na serikali tangu Siad Barre aanguke Januari 1991, na sukari iliyoshushwa Kismayo haikulipa ushuru wa maana. Tofauti hiyo ya bei ndiyo magendo. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa waliandika 2011 jinsi al-Shabaab walivyokuwa wakivuna kodi kwenye biashara hiyo. Mwaka 2015 kikundi cha Journalists for Justice kilitoa ripoti iliyodai kwamba hata maafisa wa jeshi la Kenya walikuwa wakifaidika nayo, na jeshi likakana. Kila mtu alipata kitu njiani. Mwishoni kabisa mwa njia kuna kijiko kinachoingia kikombeni.

Sasa huyo mwishoni mwa njia ni nani? Kwangu mimi ni habaryar, mdogo wa mama yangu. Kliniki moja ilimpima, ikakuta sukari ya damu iko juu, ikamwambia apunguze uzito, na ikampa karatasi ya Kiingereza. Aliniletea nimsomee. Kwetu mama mdogo na mtoto wa dada yake wanaitana jina moja.

"Habaryar," akaniuliza, "wamesemaje?"

Nikamsomea. Usile wali mweupe. Usile pasta. Usile chapati, mahamri, sambusa. Usinywe chai yenye sukari, usinywe soda. Punguza mafuta.

Akanyamaza kidogo. "Kwani wamebakisha nini?"

Nikamwambia wameandika samaki, mboga za majani na matunda.

"Samaki Lafey?" Akacheka mpaka akajifuta machozi. Halafu akasema, kwa sauti ya chini, "Ngamia zangu wangekuwepo, hawa watu wasingenipa hii karatasi."

Watu wangechukulia hiyo ni kauli ya mama mzee anayekumbuka ujana. Mimi naona ni maelezo sahihi ya ugonjwa wake. Kisomali kinauita sonkorow, Kiswahili kinauita ugonjwa wa sukari, na lugha zote mbili zinaweka lawama kwenye kitu kinacholiwa. Karatasi inaiweka kwa anayekula. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2014 ulikuta theluthi moja ya wanawake wa Kenya wana uzito uliozidi. Ukisikia nambari hiyo redioni unaambiwa ni uvivu, ni ulafi. Habaryar hajawahi kuwa mvivu siku moja. Alihama na mifugo mpaka mifugo ikaisha, akakaa mjini, na miguu iliyokuwa ikitembea siku nzima sasa inakaa kwenye kibanda cha duka. Jilaal bado inakuja kila mwaka, lakini inakuta mafuta ya kopo na gunia la sukari, na mwili haupungui tena. Akiba inawekwa, haitumiki.

Tena hizi orodha zenyewe hazijatulia. Kamati ya Baraza la Seneti la Marekani iliyoongozwa na George McGovern ilitoa malengo ya lishe 1977, na kuanzia hapo adui mkubwa akawa mafuta. Mwaka 1992 serikali ya nchi hiyo ilichora piramidi ya chakula, na chini kabisa, kwenye sehemu ya kula kwa wingi, ikaweka mkate, wali na pasta: mara 6 hadi 11 kwa siku. Leo ninalipwa kuandika kwamba hivyo hivyo viepukwe. Mwingereza John Yudkin alikuwa ameonya kuhusu sukari katika kitabu chake cha 1972, na wengi wakampuuza kwa miaka. Sasa ukimwambia mama wa Lafey aamini karatasi, ana haki ya kuuliza ni karatasi ya mwaka gani.

Hata hivyo ugonjwa upo, na historia haishushi sukari ya damu. Kwa hiyo mimi na habaryar tuliipanga upya ile orodha, kwa kuangalia kila kitu kilifika kikichukua nafasi ya nini.

Sukari tuliiweka juu kabisa. Shirika la Afya Duniani lilisema 2015 kwamba ni bora sukari ya kuongezwa isizidi kama vijiko 6 vidogo kwa siku, na vikombe viwili tu vya chai ya kwetu vinamaliza hesabu hiyo. Sukari pia ndiyo kitu pekee kwenye karatasi ambacho kukipunguza hakuhitaji pesa. Alipunguza kijiko kimoja kwa wiki kadhaa, kisha kingine, akisaidiwa na iliki na tangawizi. Soda ilitoka yenyewe kwa sababu aliiona ni ya wageni tu. Kwenye canjeero alirudisha mtama uchanganywe na unga mweupe, kama mama yake alivyopika, siku ambazo mtama unapatikana sokoni. Pasta tuliiacha, lakini kwenye sinia ndogo na maharagwe mengi, kwa sababu sijui jirani gani angemwelewa akikataa sinia ya harusi. Na jioni anatembea mpaka kisimani na kurudi, hata siku ambayo hana haja ya maji.

Maziwa ndiyo yametushinda. Ya ngamia yapo, lakini asiye na ngamia anayanunua kwa bei ambayo wanunuzi wa mijini wamesaidia kuipandisha. Eastleigh yanauzwa kama dawa, watu wanasifu faida zake kwa wenye kisukari, na kila siku mitungi inaondoka kaskazini kwenda Nairobi. Magari hayo hayo yanarudi na pasta, unga mweupe na sukari. Mwenye ngamia anayeuza maziwa yake simlaumu, hesabu ni ile ile ya babu yake. Ila ningependa anayetunga karatasi inayofuata kwa wagonjwa wa Mandera asimame barabarani asubuhi moja aangalie ni nini kinapanda na ni nini kinashuka, kabla ya kuandika neno la kwanza.